Kolamu: Sarufi iandikwayo kwa rojo la mchele

MSWAHILI hana neno moja tu kwa kitu hiki. Kikiwa shambani ni mpunga, kikikobolewa ni mchele, kikipikwa kikaiva ni wali. Atakayesema amekula mchele mchana atachekwa hata na mtoto wa chekechea. Mwingereza hutosheka na neno moja kwa hatua zote hizo, na walimu wa Kiswahili hupenda kuutaja mfano huu kila wanapotaka kuonyesha kwamba lugha hutazama ulimwengu kwa macho ya wenyewe.

Hebu sasa tuvuke bahari. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, Watamili nao wanayo maneno yao matatu. Mpunga huitwa 'nel', mchele ni 'arisi', nao wali ni 'soru'. Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote. Kiswahili ni cha Wabantu, Kitamili ni cha jamii ya Kidravidi. Kinachozifananisha hapa ni sufuria tu. Watu wanaoishi na nafaka moja kila uchao hukosa subira na neno moja.

Ila Watamili wana jambo jingine wanalolifanya na 'arisi' yao, ambalo ndilo kiini cha makala ya leo. Huuloweka mchele, wakausaga, wakauzimua kwa maji hadi ukawa kama maziwa, kisha badala ya kuupika wakauchora sakafuni. Mchoro huo huitwa 'kolam'. Katika makala haya nitauita kolamu, kwa kuwa Kiswahili hupenda silabi wazi, na nitauweka katika ngeli ya I-ZI: kolamu hii, kolamu hizi.

Ninatangulia kusema hivi ili tusichanganye mambo. Wakenya wengi wameona michoro ya sakafuni ya Wahindi wakati wa Diwali, ile ya unga wa rangi nyingi iitwayo rangoli. Wahindi wengi wa Kenya wana asili ya Gujarat na Punjab, kwa hiyo rangoli ndiyo tunayoifahamu. Kolamu ni nduguye rangoli, lakini si yeye. Kwanza, kwa desturi kolamu ni nyeupe. Pili, haingoji sikukuu. Katika nyumba nyingi za Kitamili, mwanamke huamka kabla ya jua kuchomoza, hufagia kizingitini, hunyunyiza maji, kisha huchora. Kesho yake nyayo za watu na magurudumu ya baiskeli yamekwisha kuifuta, naye huchora nyingine.

Neno lenyewe linamaanisha umbo, sura au uzuri, na pia vazi la mtu aliyejigeuza sura kwa mchezo au ibada. Na kitenzi chake je? Mtamili hasemi anachora kolamu. Husema anaitia, anaiweka. Kwetu kitenzi hicho si kigeni. Wanawake wa Pwani hutia hina, hutia wanja, hutia udi. Katika mifano yote hiyo, 'kutia' hubeba zaidi ya kazi ya mikono, maana hubeba nia ya kukifanya kitu kiwe tayari kwa jambo fulani. Bi harusi akitiwa hina anaandaliwa. Kizingiti kikitiwa kolamu nacho kinaandaliwa kuipokea siku.

Kolamu ya kila siku aghalabu hutiwa kwa unga mkavu, unaodondoshwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ile ya rojo ni ya heshima zaidi. Hutiwa ndani ya nyumba mbele ya mahali pa ibada, hutiwa siku za harusi, na hutiwa wakati wa sikukuu. Huitwa 'maakolam', yaani kolamu ya unga. Wengine huiita 'izhai kolam', na 'izhai' ni uzi. Jina hilo la pili lina maana yake, na nitalirejelea.

Mpishi wa vitumbua au vibibi wa Mombasa anaifahamu nusu ya kazi hii. Mchele huchaguliwa uwe ule mbichi usiochemshwa kabla ya kukobolewa, kwa sababu ndio mweupe na husagika ukalainika. Huloweshwa hadi punje ikawa rahisi kuvunjika kwa kucha. Zamani ulisagwa kwa jiwe, siku hizi mashine ya umeme hufanya kazi hiyo. Rojo linalopatikana huongezwa maji kidogo kidogo. Likiwa zito mno halitiririki, nalo likiwa jepesi mno litatawanyika sakafuni bila mpaka.

Nusu ya pili mpishi wetu haijui. Mchoraji huchukua kitambaa kidogo cha pamba, hukichovya katika rojo, hukishika kwa vidole na kukiminya taratibu. Rojo huteremka likifuata kidole cha pete, na ncha ya kidole hicho ndiyo kalamu. Vidole vingine ni kidau cha wino. Mkono hauna budi kwenda kwa mwendo mmoja. Ukisita panatokea tone, ukikimbia mstari unakatika.

Na hapo pana fumbo dogo. Rojo likiwa bado bichi halionekani vizuri. Ni kama maji yenye ukungu. Weupe wake hujitokeza linapokauka. Kwa hiyo mchoraji huandika kitu asichokiona sawasawa, akitegemea kumbukumbu ya mkono kuliko jicho. Kosa likitokea halifagiliki kama la unga mkavu. Itabidi alifute papo hapo kwa kitambaa kingine kabla halijashika. Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na msemo huo ungemfaa sana mwalimu wa kolamu. Likishakauka, rojo hung'ang'ania sakafu kwa siku kadhaa. Pembeni mwa mchoro hutiwa mstari wa udongo mwekundu uitwao 'kaavi', nao weupe wa mchele hung'aa zaidi kando yake.

Sasa tuje kwenye lugha, maana msomaji wa safu hii ana haki ya kuuliza: haya ya sakafu na rojo yanatuhusu nini sisi wa sarufi?

Yanatuhusu, tena sana. Aina nyingi za kolamu huanzia kwenye nukta. Nukta kwa Kitamili ni 'pulli'. Mchoraji hupanga nukta kwanza, ndipo apitishe mstari. Nukta zikipangwa safu chini ya safu, kila moja ikiwa chini ya mwenzake, huitwa nukta za moja kwa moja. Zikipangwa ili kila nukta iingie katika mwanya kati ya nukta mbili za safu iliyotangulia, huitwa nukta za kubanana. Wanawake wanapopeana kolamu hawahitaji kuonyeshana mchoro mzima. Mmoja humwambia mwenzake: kumi na tano hadi nane, za kubanana. Basi. Mwenzake ameshaelewa kwamba safu ya katikati ina nukta 15, kisha juu na chini zinapungua moja moja hadi kufikia 8. Kaa na kalamu uhesabu: ni nukta 169, zimeelezwa kwa maneno saba.

Neno 'pulli' lina kazi nyingine. Katika maandishi ya Kitamili, kila herufi ya konsonanti hubeba irabu 'a' ndani yake. Herufi ya 'k' husomeka 'ka'. Ukitaka isomeke 'k' tupu, unaiwekea nukta juu, na nukta hiyo nayo huitwa 'pulli'. Haina sauti yake. Kazi yake ni kunyamazisha. Katika kolamu pia nukta haichorwi ili itazamwe. Mstari huizunguka bila kuigusa, na mchoro ukikamilika jicho huona mstari likaisahau nukta. Kitu kisicho na sauti ndicho kinachoamua sauti zote zikae wapi. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba hapa tumekwisha kufika nyumbani.

Aina ya kolamu ambayo mstari wake huzunguka nukta huitwa 'sikku', yaani fundo au mkanganyiko. Wengine huiita 'kambi', ambayo kwa Kitamili ni waya, wala haina uhusiano na kambi ya wanajeshi. Kanuni zake zinatajika. Mstari lazima uzunguke kila nukta, pasibaki nukta yatima. Mstari usiguse nukta. Mstari unaweza kujikata, lakini usirudi juu ya njia uliyokwisha kupita. Mwisho, mstari lazima urejee ulikoanzia. Mstari ulioachwa wazi ni kama sentensi iliyokosa kiarifa. Na kolamu inayosifiwa zaidi ni ile ambayo mstari mmoja tu, bila kuinua mkono, umezunguka nukta zote na kujifunga.

Kolamu za rojo nyingi hufuata njia tofauti. Nyingi ni za aina ya 'padi', yaani ngazi. Panachorwa mraba katikati, kisha mistari sambamba inaongezeka kutoka nje kwa hatua, pande zote nne, hadi inafanana na hekalu linalotazamwa kutoka juu. Hapa ndipo lile jina la uzi linapoeleweka. Mistari hutembea miwili miwili au zaidi, bega kwa bega, kama nyuzi za kitambaa. Anayejua kuchora hatua moja ya ngazi anaweza kuongeza ya pili, ya tatu, ya kumi. Ni sakafu tu itakayomwambia basi.

Hebu tuviweke pamoja. Tuna vipashio vichache. Tuna kanuni za kuviunganisha. Tuna uwezo wa kuzalisha miundo isiyo na kikomo kutokana na vipashio na kanuni hizo chache. Tuna watumiaji wanaoweza kutambua muundo sahihi na muundo uliokosewa, hata kama hawajawahi kuuona kabla. Mtu akieleza hivi bila kutaja mchele, mwanaisimu atajibu: hiyo ni lugha.

Si mimi wa kwanza kulisema. Mwaka 1957 Noam Chomsky alichapisha Syntactic Structures, na tangu hapo wanafunzi wetu wa sarufi zalishi huandika kanuni kama S → KN + KT: sentensi iandikwe upya kuwa kundi nomino na kundi tenzi. Baadaye, wasomi wa chuo cha Madras Christian College, kilichoko Tambaram karibu na Chennai, walijiuliza: je, kanuni za kuandika upya zikiachwa ziende juu, chini, kulia na kushoto badala ya kufuata mstari mmoja wa sentensi, zitazalisha nini? Jibu lilikuwa sakafuni, mlangoni. Gift Siromoney, mkewe Rani Siromoney, na Kamala Krithivasan walichapisha mwaka 1974 makala iliyoonyesha kwamba familia za kolamu zinaweza kuelezwa kwa sarufi za aina hiyo, ambazo alama zake hupangwa katika safu na safuwima. Wanasayansi wa kompyuta wameendelea kuifanyia kazi fikra hiyo tangu wakati huo. Familia mojawapo wanayopenda kuitaja huitwa vikuku vya Krishna, ambayo hukua kwa kanuni ileile kurudiwa kila hatua, hadi kikuku kimoja kinazaa zulia zima.

Lililo muhimu si kwamba maprofesa waliwapa wanawake wa Tamil Nadu sarufi. Sarufi ilikuwapo. Wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani walikuwa wakiimiliki, wakiifundisha binti zao, wakiipanua kila alfajiri. Maprofesa waliiandika tu kwa alama za kwao. Ndivyo ilivyo kwa lugha zote. Bibi anayesema 'mti umeanguka' na 'miti imeanguka' bila kukosea hahitaji kuambiwa kuhusu ngeli ya U-I ili aitumie.

Lugha haiishii kwenye sarufi. Ina matumizi na muktadha. Kolamu nayo ina yake. Katika mwezi wa Margazhi, unaoanza katikati ya Desemba na kwisha katikati ya Januari, kolamu huwa kubwa na majirani hushindana barabara nzima, hadi sikukuu ya mavuno ya Pongal inapoingia. Siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Krishna, rojo la mchele huchorwa nyayo ndogo za mtoto kutoka mlangoni hadi ndani. Ubavu wa ngumi hutoa unyayo, ncha za vidole hutoa vidole vya mguu. Jirani anayepita husoma: mgeni amekaribishwa.

Na kunyamaza pia ni kauli. Nyumba iliyofiwa haitiwi kolamu. Mpita njia akiona kizingiti kitupu asubuhi ambapo majirani wote wamekwisha kutia, hahitaji kuuliza. Atapunguza sauti. Sisi tuna matanga na turubai la waombolezaji, wao wana sakafu tupu. Kolamu ikirudi, mtaa unajua kwamba maisha nayo yamerudi.

Kama bado kuna anayeshuku kwamba kolamu husomwa, polisi wa Chennai hawakushuku. Mwishoni mwa Desemba 2019, wakati wa maandamano ya kupinga marekebisho ya sheria ya uraia nchini India, kikundi kidogo katika mtaa wa Besant Nagar kilitia kolamu barabarani na kuandika ndani yake maneno ya kuipinga sheria hiyo. Waliohusika walizuiliwa kwa muda kisha wakaachiliwa. Siku iliyofuata, kolamu za ujumbe uleule zilitokea mbele ya makazi ya wanasiasa wa upinzani wa jimbo, akiwamo M. K. Stalin, ambaye baadaye alikuwa waziri kiongozi. Hakuna anayemkamata mtu kwa sababu ya pambo. Watu hukamatwa kwa sababu ya kauli.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtu akiulizwa kolamu ni nini, jibu jepesi la Kiswahili litakuwa 'mapambo ya sakafu'. Sioni kosa la kisarufi katika jibu hilo, ila naona hasara yake. Pambo ni kitu cha ziada. Ukikiondoa, nyumba hubaki nyumba. Tukishaita jambo pambo tumeliondolea haki ya kuulizwa linasema nini. Tena mara nyingi tunalifanya hivi kwa kazi za wanawake: kanga, ususi, ukili, hina. Kanga ina pindo, mji na jina, na kila sehemu ina mahali pake pasipobadilishwa ovyo. Nani kati yetu amekaa akaandika sarufi yake kama ile ya 1974?

Msidhani kwamba habari hii ni ya Wahindi peke yao. Mashariki mwa Angola na katika sehemu za Kongo na Zambia wanaishi Wachokwe, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili. Wazee wao walikuwa wakichora mchangani kwa vidole: nukta kwanza, kisha mstari unaozizunguka nukta hizo bila kuzigusa. Mchoro mmoja ni 'lusona', mingi ni 'sona', umoja na wingi unaokumbusha uzi na nyuzi. Huko wachoraji walikuwa wanaume, na kila mchoro uliambatana na hadithi, kitendawili au methali. Mtu wa Chennai na mzee wa Angola hawakuwahi kukutana, lakini mtu akiweka lusona kando ya kolamu ya 'sikku' atadhani ni za mkono mmoja.

Hatima zao ndizo hazifanani. Ukoloni ulivuruga jando na mabaraza ambako sona zilifundishwa, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilizikwa pamoja na wenyewe. Mwanahisabati Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi akiichunguza michoro iliyosalia katika kumbukumbu za watafiti na kujaribu kuzifufua kanuni zake. Alifanya kazi kubwa, lakini ni kazi ya mtu anayejenga upya lugha kutokana na mabaki ya sentensi. Kolamu ilinusurika kwa sababu haikungoja jando. Ilihitaji kizingiti, kiganja cha mchele na mtu wa kuamka mapema.

Hata hivyo nayo haiko salama. Katika majengo ya ghorofa, kizingiti ni ushoroba wa pamoja ambao mfagiaji hupitisha dekio saa mbili asubuhi. Madukani kuna kolamu za plastiki za kubandika, nyeupe juu ya nyekundu, zikiiga rojo na 'kaavi' kwa uaminifu mkubwa. Na kwa kolamu ya kila siku, unga wa mchele umeachiwa njia unga wa mawe, ambao ni rahisi na mweupe zaidi.

Unga wa mawe una tatizo moja: hauliki. Watamili wamezoea kueleza kwamba kolamu ya mchele ni chakula cha sisimizi na ndege, kwamba mwenye nyumba huanza siku yake kwa kuwalisha wasioweza kumlipa. Vijaya Nagarajan, msomi aliyeandika kitabu kuhusu desturi hii mwaka 2018, aliuweka wajibu huo wa kulisha nafsi elfu moja katika anwani ya kitabu chake. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Sisimizi wa Tamil Nadu wangeafiki. Kolamu ya mawe ni sentensi sahihi kisarufi iliyopoteza maana yake.

Ile ya plastiki ni mbaya zaidi, kwa sababu haina hata msemaji. Imeganda. Haiwezi kusema kwamba leo ni harusi, wala haiwezi kunyamaza nyumba inapofiwa. Msemo uliobandikwa ukutani husomeka vilevile siku ya furaha na siku ya kilio, na ndiyo maana hakuna anayeusoma.

Lugha hufa hivyo. Maneno yake hubaki kwenye vitabu na vibandiko, sauti zake zikahifadhiwa vizuri kabisa, ila hakuna anayetunga sentensi mpya. Kipimo cha uhai wa lugha ni kama kesho asubuhi kuna mtu atakayesema kitu ambacho hakijasemwa. Kwa kolamu, bado wapo. Mchele umelowekwa tangu jana.